Mabati ya Dinah Yamekwenda Wapi?

—limesimama! Jameni, limesimama! Duka la Mama Dinah, lile tuliloambiwa limeng'olewa na upepo, lile nililopanda mlima wote huu kuja kulisikitikia, hilo hapo wima, limepakwa chokaa, na mlangoni limewekewa maua!

Ndiyo, maua. Ya kanisani, na mkebe wake.

Mara ya mwisho niliwaacha pale kwenye kona ya Mwanda nimefumba macho, naogopa kumkuta mjane amekaa juu ya vifusi. Basi nimefumbua. Hakuna vifusi. Hakuna hata kipande cha ubao. Uwanja umefagiwa mpaka mistari ya fagio inaonekana kwenye udongo.

Nikamgeukia mkubwa wangu, Bwana Maundu.

Kwa wale wanaoanza leo: Bwana Maundu ni Mkamba wa Voi, mkaguzi wa hasara wa kampuni yetu ya bima. Moto ukila stoo, anatumwa. Mto ukimeza kibanda kule Bomeni, anatumwa. Ana mwavuli mweusi, na macho ya mtu aliyetoka msibani na sasa anaelekea msiba mwingine. Sijawahi kumwona amepumzika, hata akiwa amelala.

Na mimi ni Tryphena Mkamburi, mtoto wa Kaloleni, Voi. Nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi tu, nikaukimbia ubao nikaifuata bima, kwa sababu nilidhani ni kazi ya kukaa chini ya feni. Feni yenyewe sijaiona mpaka leo. Nimeona matope. Hii ya Mama Dinah ndiyo kazi ya kwanza kupewa mkononi mwangu mwenyewe. Nikiiharibu, narudi kufundisha kujumlisha.

"Hili ndilo duka?" Bwana Maundu akauliza.

"Ndilo."

"Lililobomoka?"

Nikayaangalia yale maua.

"Bi Mkamburi. Nimevuka mto viatu viko shingoni. Nimeteleza nikakaa, suruali yangu unaiona. Hebu niambie nimekuja kuangalia nini."

Hapo hapo mzee mmoja akatoka mbio nyuma ya duka, koti la kanisani mwilini, miguu pekupeku, mikono imejaa chokaa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anacheka kama mwenye harusi.

"Karibuni, wageni wa bima! Karibuni sana! Mimi ni Zephaniah, mzee wa kanisa. Haya, mnapaonaje?"

"Panapendeza," nikasema, sauti ikanitoka ndogo.

"Si nilisema!" Akawageukia akina mama waliosimama na mabirika ya chai. "Nilisema watapenda! Bwana, tulisikia mnakuja. Tukasema hapana. Mgeni atoke Voi huko kwenye joto, apande mpaka huku, halafu amkute mama wa watu amekaa kwenye matope? Hiyo aibu ni ya Mwanda nzima. Wanaume wakakata miti. Wanawake wakabeba udongo. Mpaka shule ilifungwa watoto wachote maji!"

"Mkajenga," akasema Bwana Maundu.

"Tukajenga! Mpaka chokaa!"

"Na lile la zamani, lililovunjika?"

"Lile?" Mzee Zephaniah akapunga mkono. "Lile lilikuwa takataka tupu, bwana. Mgeni haonyeshwi takataka."

Bwana Maundu alifunga mwavuli pole pole. Akatafuta jiwe, akakaa.

"Mzee wangu," akasema, "sisi tunakujaga kwa ajili ya takataka."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akamwekea sahani ya kimanga, ule muhogo wa kupondwa na maharage, kwenye magoti, mvuke unafuka, akala bila kuangalia anakula nini.

Ndipo Mama Dinah mwenyewe akatoka.

Nilitarajia mama wa kulia. Kumbe ni mwanamke mwembamba, amejifunga kanga juu ya sweta ya marehemu mume wake, vidole vina nyufa za udongo. Akaangalia sketi yangu ilivyolowa, akatingisha kichwa.

"Pole na safari, mwanangu."

Ati yeye ndiye ananipa pole mimi!

Akatuingiza ndani. Rafu mpya, zinanuka mti mbichi, na juu yake hakuna kitu. Sukari ilikunywa mvua. Unga uligeuka uji ndani ya gunia. Vitambaa viliota ukungu. Kitu cha zamani nilichokiona ni kalenda ya kutawazwa kwa Malkia, nayo imejikunja kwa maji, taji lote limeteremka kwenye pua.

Bwana Maundu hakuangalia rafu. Aliangalia juu.

"Mama, kampuni iliwekea bima duka la mabati. Hii ni nyasi."

"Mabati yalichukuliwa na upepo."

"Yakaenda wapi?"

Mama Dinah akaanza kupangusa rafu isiyo na kitu. Mzee Zephaniah akashikwa na kikohozi. Akina mama wakaanza kukusanya vikombe, na chai bado imo.

Mimi nikajua hapo kuna jambo.

"Muulizeni tena!" Sauti ikatoka mlangoni. "Muulizeni, asikike vizuri!"

Hudson! Mnamkumbuka? Yule bwana wa koti la kijivu aliyetuwahi pale mtoni akatuambia tugeuze, tunaenda kudanganywa. Ni shemeji yake Dinah, ndugu wa marehemu. Duka limekaa kwenye kiwanja cha ukoo, na tangu kaka yake afe, Hudson amekuwa akiimba wimbo mmoja: mjane asiye na duka hana haja ya kiwanja. Bima ikilipa, Dinah anajaza rafu zake, anakaa. Bima ikikataa, rafu zinabaki hivyo hivyo tupu, Hudson anachukua kiwanja, na Dinah anafungasha sufuria zake anarudi kwao.

Hivyo tu. Hakuna lingine.

"Aliyauza mabati yake," Hudson akasema. "Aliyauza kabla ya upepo. Sasa anataka mlipe vitu ambavyo vilishaliwa."

"Shemeji, unajua hiyo si kweli," Dinah akasema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayefukuza inzi mmoja siku nzima.

"Basi yako wapi?"

Dinah akaikunjua ile kalenda ya Malkia, ikajikunja tena.

Bwana Maundu akanivuta nje, chini ya mwavuli.

"Sikiliza. Nikiona yale mabati, nitajua. Upepo haujui kuchomoa msumari. Unararua. Tundu linabaki refu, kama jicho la mbuzi. Mtu akitoa bati kwa nyundo, tundu linabaki duara. Niletee tundu refu, naandika upepo. Usiponiletea, naandika hakuna hasara, na ninyi wote mnaweza kulia."

"Na wewe unaenda kutafutia upande gani?"

"Mimi nakaa hapa nikauke. Kazi ni yako. Lori la kurudi Voi linashuka jioni."

Nikaenda.

Wacha niwaambie kitu kuhusu Mwanda. Nyumba ukiiona iko hapo, si hapo. Ni kushuka mpaka kwenye mfereji, ni kuvuka, ni kupanda tena ukishika mizizi ya miti ya watu. Mvua imekuwa ikinyesha tangu sijui lini, njia zote zimekuwa sabuni. Viatu vyangu vya chuo, vile vya kisigino kidogo, kimoja kilikatika kwenye shamba la kwanza. Nikavitundika vyote shingoni kama Bwana Maundu. Nikatamani ubao. Nikatamani hata kujumlisha!

Nyumba ya kwanza ni ya mama mmoja anaitwa Alice. Nikamkuta amesimama mbele ya zizi, amelificha kwa kanga na kwa mgongo wake wote.

"Mama, unajua chochote juu ya duka la Dinah?"

"Duka? Duka gani?"

Nyuma yake mbuzi akatoa mdomo kwenye tundu palipokuwa na kufuli.

Nikachungulia. Zizi la mbuzi lina mlango wa kijani, wa bawaba, umeandikwa kwa rangi nyeupe: KOPESHA HAPANA.

"Mama Alice…"

"Sikuiba!" akalia. "Tulipewa! Sisi tumetoa mbao mpya, Dinah akasema chukueni zile za zamani. Sasa serikali imekuja kutufunga kwa mlango wa mbuzi?"

"Mimi si serikali, mama. Mimi ni bima."

"Hiyo bima si serikali?"

"Hapana. Nataka tu kujua kama una bati."

Akatazama juu. "Mvua inarudi," akasema. Akaingia ndani.

Nyumba iliyofuata, fundi Thadeus yuko kitandani anatetemeka na homa. Kitanda chenyewe kimetengenezwa kwa rafu za duka. Nimejuaje? Ubavuni bado kuna tangazo la majani ya chai, limebandikwa. Nikampa pole, nikamwuliza bati.

"Mvua inarudi," akasema, na hapo aliposema hana hata dirisha la kuonea mvua.

Kanisani nikakuta kaunta. Kaunta nzima, na ule mfereji mdogo uliochimbika katikati kwa sarafu kusukumwa huku na huku! Wameiweka mbele, Biblia kubwa iko juu yake. Mama aliyekuwa anafagia akaniona ninaiangalia, akaweka na kitambaa cheupe.

"Bati?" nikauliza.

Hata yeye akatazama dari.

Basi nikaelewa. Kwenye mlango wanaogopa, kwenye kitanda wanaona haya, lakini kwenye mabati wamekubaliana. Kijiji kizima kimefunga mdomo mmoja. Na Hudson, huko dukani, anakunywa chai anangoja jioni.

Nilikaa kwenye ngazi ya kanisa. Niwaambie ukweli, nilichoka mpaka nikasahau nimechokea nini. Nilifikiri, mtu akitaka kuanguka na aanguke, mimi nipelekwe nyumbani.

Halafu mvua ikarudi kweli.

Haikuanza kidogo kidogo. Ilimwagwa. Nikakimbilia kanyumba kadogo ka nyasi kalikokuwa kamejibanza chini ya kanisa, nikaingia bila hodi.

"Karibu," sauti ikasema gizani. "Kaa karibu na moto. Wewe ni mtoto wa nani?"

Bibi kizee, mdogo kama kinda, amejikunyata kwenye kigoda. Akaniambia anaitwa Mbeyu. Akaniambia yuko peke yake. Akaniambia upepo ule ulibeba nyasi zake zote, akalala akiangalia mawingu. Nikatingisha kichwa, natetemeka, nasikia maneno nusu nusu.

Kitu kikanidondokea kwenye pua.

Nikapangusa. Kinateleza. Cheupe. Kina harufu ya kufulia.

Povu!

Likaja lingine, likatua kwenye nywele. Nikainua uso. Na pale, wasomaji wangu, pale juu ya kichwa cha Bibi Mbeyu, chini ya nyasi walizotandaza ili kuficha, kulikuwa na mabati! Bati juu ya bati, yamekunjika, yamenyooshwa kwa mawe, na kila tundu la msumari limezibwa kwa kipande cha sabuni. Mvua inaipiga sabuni, sabuni inatoa povu, povu linanishukia mimi.

Nikapanda juu ya kigoda cha pili. Nikabandua sabuni moja kwa kucha.

Tundu refu. Jicho la mbuzi!

"Ni upepo!" nikapiga kelele. "Bibi, ni upepo! Dinah atalipwa! Hudson ameisha!"

Nikaruka chini, nikamkumbatia. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikamwite Bwana Maundu, nikagongana na mtu anayeingia.

Ni Mama Dinah. Amelowa chapa chapa. Alikuwa amenifuata.

"Umeona," akasema.

"Nimeona! Kwa nini hukusema? Mama, ushahidi uko hapa hapa!"

"Keti kidogo, mwanangu."

"Lori litatuacha!"

"Keti."

Nikaketi. Naye akaketi, pole pole, kama anayetua mzigo wa kuni.

"Nikuulize wewe, uliyesoma. Bima ikinilipa, yale yaliyobaki ya duka ni ya nani?"

Bwana Maundu alikuwa amenifundisha hilo asubuhi hiyo hiyo tukipanda: kampuni ikilipa kitu, mabaki ya kitu hicho ni yake. Yanatiwa alama ya chaki, lori linakuja kuyachukua, yanauzwa. Yasiyofaa kitu ndiyo yanaachwa pale yalipo.

"Ni ya kampuni," nikasema.

"Hudson aliniambia hivyo. Nikafikiri ananitisha tu." Akaangalia juu. Povu likamdondokea kwenye shavu, hakulipangusa. "Basi ndiyo hivyo. Mkiyaona, mnayang'oa. Mvua hii yote imwangukie mama huyu kichwani."

"Lakini usiposema, unapoteza duka! Unapoteza kiwanja! Watakuita mwizi!"

"Wacha waite. Mimi niliwaambia wote wasiseme. Mimi nina shemeji anayenisumbua, yeye ana mvua. Mambo mawili hayo si sawa." Akashika magoti yake. "Nimechoka kuokoa vitu, mwanangu. Usiku ule niliokoa sukari ikayeyuka mikononi. Niliokoa unga. Hiki kimoja kimekaa mahali pake. Kiache kikae."

Bibi Mbeyu alikuwa amesikiza yote. "Na mimi nilisema yaondolewe," akanong'ona. "Anakataa. Ana kichwa kigumu, huyu."

"Mama, nyamaza uote moto," akasema Dinah.

Sasa mnaniona? Nikisema, Dinah anapata duka na Bibi Mbeyu anapata mvua. Nikinyamaza, Bibi Mbeyu ana paa na Dinah hana mahali duniani. Chuoni walinifundisha mambo mengi. Hili halikuwamo.

"Bi Mkamburi."

Mwavuli mweusi ulikuwa mlangoni.

Bwana Maundu aliinama akaingia. Alikuwa amekuja kunifuata, lori linakaribia kushuka. Akavua kofia kumsalimia Bibi Mbeyu. Povu likatua kwenye upara wake, pwa.

Akatazama juu.

Alitazama muda mrefu. Akalifikia lile tundu nililolibandua sabuni.

"Tundu refu," akasema.

Bibi Mbeyu akachochea moto.

"Upepo huo. Mama Dinah, madai yako ni ya kweli." Hakusema kwa furaha. Akaingiza mkono mfukoni akatoa chaki. Akaangalia Bibi Mbeyu, akaangalia moto, akaangalia kigoda. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akanipa mimi.

"Kazi ni yako. Mabaki hutiwa alama. Tia."

Chaki! Mimi niliyeikimbia chaki!

Nikapanda kigoda. Mama Dinah alikuwa ameinamisha uso. Bibi Mbeyu, maskini, alianza kukusanya vyombo vyake, kikombe, kibuyu, kitambaa, anaviweka pembeni pasipodondokewa.

Hapo ndipo nilipokumbuka neno la mwisho la somo la asubuhi. Nikaandika, herufi kubwa, mwandiko mzuri wa darasa la kwanza, kutoka bati moja mpaka lingine:

HAYAFAI KITU.

Nikashuka.

Bwana Maundu akasoma. Akasoma tena.

"Nani amekadiria?"

"Mimi."

"Unaweza kulitetea hilo mbele ya mzungu wa Mombasa?"

"Yamekunjika, bwana. Yana matundu kila mahali. Na yanatoa povu."

Basi, jameni, Bwana Maundu alicheka! Sauti ilitoka kama mlango ambao haujafunguliwa miaka. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Hayafai kitu," akasema. "Yanabaki pale yalipo. Mama, duka lako limelipwa. Bibi, rudisha kikombe chako. Sasa twendeni, nina miguu miwili tu na yote inauma."

Mama Dinah alikaa chini kabisa, kwenye udongo, akajifunika kanga usoni. Kichwa kikawa kinaanguka mbele. Nikadhani analia, kumbe usingizi ulikuwa unamtaka palepale.

"Hayafai?"

Nikageuka, chaki bado mkononi.

Hudson alikuwa mlangoni. Koti la kijivu, matone yanamchuruzika kwenye kofia, na anatabasamu.

"Hayafai kitu kwa nani? Mimi nayataka. Nanunua." Akamgeukia Bwana Maundu. "Kitu chenye mnunuzi hakiitwi hakifai. Au sheria yenu ya bima imebadilika leo?"

Bwana Maundu akafumba macho. "Haijabadilika."

"Basi nanunua leo, nang'oa leo. Mvua au jua." Halafu akainama karibu na Dinah, akashusha sauti, tamu kama ya mganga wa meno. "Au wewe shemeji useme umeyafuta madai yako. Mama huyu abaki na paa lake, kiwanja kirudi kwa ukoo, tumalize. Sisi ni watu wa nyumba moja."

Mnaona mtego? Hakutaka mabati! Alimjua Dinah kuliko Dinah anavyojijua.

Dinah akafunua uso. Alikuwa mzee ghafla.

"Nafuta," akasema.

"Hapana!" Hiyo ilikuwa sauti yangu.

"Nafuta, mwanangu. Inatosha."

"Bi Mkamburi," Bwana Maundu akasema, macho bado yamefumbwa, ameegemea nguzo kama mtu anayeota. "Mabaki ya duka moja hayauzwi vipande vipande. Ni yote, au hakuna."

Ni hilo tu alilosema. Lakini mimi nilikuwa nimetembea mlima ule kwa miguu yangu mitupu, na nilijua kila kipande kiko wapi!

Nikapangusa chaki kwenye sketi.

"Bwana Hudson. Unanunua mabaki kama yalivyo na pale yalipo?"

"Kama yalivyo."

"Yote?"

"Yote! Wewe msichana unadhani nitashindwa?"

"Sawa. Mlango uko kwenye zizi la Mama Alice, utamtoa mbuzi. Rafu ni kitanda cha Thadeus, na Thadeus yuko juu yake ana homa, utamlaza chini. Kaunta iko kanisani. Juu yake kuna Biblia, na juu ya Biblia kuna kitambaa. Utaondoa kitambaa, utaondoa Biblia, utaibeba kaunta mabegani utoke nayo nje. Wewe mwenyewe. Sasa hivi. Watu wakikuangalia."

Nje kulikuwa na watu. Nilikuwa sijawasikia kwa sababu ya mvua. Walikuwa wamekuja mmoja mmoja, wamejifunika magunia, wamesimama njiani kote mpaka juu kanisani. Mzee Zephaniah alikuwa mbele, chokaa inamchuruzika kwenye mikono kama maziwa. Walikuwa wamechoka wote. Walikuwa wamejenga duka kwa mikono yao, na sasa walikuwa wanamwangalia mtu mmoja.

Hudson akawaangalia. Tabasamu likayeyuka. Akaangalia kanisa.

Nikaanza kuvuta pumzi. Nikamwona Dinah ameanza kuinuka. Nikasema moyoni, ameisha, huyo anageuka, huyo anakwenda zake.

Hudson akavua koti.

Akalikunja vizuri, mikono ndani, kama mtu anayejiandaa kulima. Akanitupia mimi.

"Nishikie," akasema. Halafu akapaza sauti, njia nzima ikasikia: "Leteni nyundo! Naanza na kanisa!"

Jameni, wacha niishie hapo. Nimerudi Kaloleni, miguu yangu imo ndani ya karai la maji ya chumvi, mama amenikataza kusema na mtu mpaka nilale, na macho hayataki tena kufunguka. Lakini koti la Hudson liko hapa. Limetundikwa kwenye msumari mbele yangu, bado linadondosha maji ya Mwanda. Hakurudi kulichukua. Mtu aache koti lake, kwenye baridi ile?

Kesho, miguu ikikubali kuingia viatu, nitawaambia ni nani aliyemletea ile nyundo.